Pikipiki ya Korogwe: ufunguo upo, mwenyewe yupo, na bado haiwaki

Ilikuwa tarehe 22 Desemba, saa nne kasoro asubuhi. Nilikuwa nimelala chini ya pikipiki ya mtu nikikaza boliti ya oili, simu ikaita. Mteja wangu, mzee wa Marangu anayeishi Dar es Salaam, alikuwa ameondoka mjini saa kumi na moja alfajiri kwenda kula Krismasi nyumbani. Alikuwa Korogwe, kwenye kituo cha mafuta. Alizima pikipiki, akanywa chai, akarudi, ikakataa kuwaka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, pikipiki imenikataa. Ufunguo unaingia, unazunguka, lakini nikibonyeza starta kimya. Halafu indiketa zinawaka zenyewe zote mbili. Watu wamejaa hapa wananiangalia kama mwizi."

Pikipiki yenyewe ni Harley-Davidson Sportster ya mwaka 2010, aliyoinunua ikiwa imeshatumika nje, kutoka kwa muuzaji mmoja wa mjini. Nakieleza kisa hiki chote, hatua kwa hatua, kwa sababu pikipiki za aina hii zinaongezeka barabarani kwetu, na mafundi tulio wengi tulikulia kwenye pikipiki ambazo ufunguo ni chuma tu. Na pia kwa sababu kosa la msingi katika kisa hiki lilikuwa langu.

Kwanza tuelewane jinsi ulinzi wa pikipiki hii unavyofanya kazi, maana bila hapo utabaki kulaumu starta. Sportster ile ina ufunguo wa kawaida wa chuma, lakini ufunguo huo unafungua umeme tu. Ruhusa ya injini kuwaka inatoka kwingine, kwenye rimoti ndogo nyeusi ambayo mwendeshaji anakaa nayo mfukoni. Rimoti hiyo haibonyezwi. Ukifungua umeme, pikipiki hubisha hodi kwa mawimbi ya redio, na rimoti ikiwa karibu, kiasi cha mita moja na nusu hivi, huitika kwa namba yake. Ikiitika sawasawa, ulinzi unalegea na starta inafanya kazi. Isipoitika, starta haizunguki, injini haipewi moto, na kwenye mita ya mwendo kitaa kidogo chenye alama ya ufunguo kinaendelea kumweka, yaani kuwaka na kuzima. Ukizima pikipiki na ikatulia, ulinzi unajifunga wenyewe baada ya sekunde chache. Hakuna cha kukumbuka wala cha kubonyeza. Ndiyo maana mzee hakujua hata kama amefunga kitu.

Nilimuuliza maswali matatu. La kwanza, honi inalia kwa nguvu? Akapiga, nikaisikia kwenye simu, kali kabisa. Betri kubwa ya pikipiki ikatoka kwenye orodha ya washukiwa. La pili, kile kitaa chenye alama ya ufunguo kinafanya nini? Akasema kinamweka bila kuacha. La tatu, rimoti iko wapi? Iko mfuko wa koti, pamoja na simu mbili.

Hapo nikamwambia aitoe rimoti, aiweke juu ya kiti cha pikipiki, simu zote azipeleke mbali, kisha azime ufunguo na kuufungua tena. Simu ikikaa imeng'ang'ana na rimoti inaweza kuifunika sauti yake, na mara nyingi hilo peke yake linatosha kumaliza tatizo. Akafanya. Kimya. Nikamwomba vijana wamsaidie kuisukuma pikipiki hadi upande wa pili wa kituo, iwapo kuna mtambo wa mawimbi karibu unaoingilia. Wakaisukuma. Kimya vilevile, isipokuwa indiketa zilizidi kuwaka kwa sababu pikipiki ilihisi inaibiwa.

Nikamuuliza, "Mzee, hivi karibuni kuna siku ilisumbua kuwaka?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kama wiki mbili nyuma ilianza kumtaka afungue ufunguo mara mbili, wakati mwingine mara tatu, ndipo iwake. Alidhani ni mambo ya umri wa pikipiki. Hapo nikajua karibu kila kitu. Rimoti ilikuwa inaishiwa betri. Betri ya namna hii haizimiki ghafla kama mshumaa. Inadhoofika, inaitika leo, kesho haiitiki, asubuhi inakutoa Dar es Salaam na saa nne inakuacha Korogwe.

Kwa tatizo hilo watengenezaji waliacha mlango wa dharura, nao ni namba ya siri. Ni tarakimu tano, kila moja kati ya 1 na 9, sifuri haimo. Mwenye pikipiki akipoteza rimoti au ikifa, anaingiza namba hiyo kwa vitufe vya indiketa na pikipiki inamtambua kwa safari hiyo moja. Nikamwambia, "Mzee, nitajie namba ya siri tuiwashe."

"Namba gani, fundi?"

Muuzaji hakumpa. Alimpa pikipiki, ufunguo, rimoti moja badala ya mbili, na kadi. Kitabu cha maelekezo hakikuwepo, wala ile kadi ndogo ya kuandikia namba ambayo hukaa kwenye pochi ya mwenye pikipiki. Sasa hapa ndipo kosa langu linapoingia. Mwezi Septemba nilikuwa na pikipiki hiyo gereji siku nzima. Nilibadilisha oili, nikarekebisha breki, nikaangalia mkanda. Sikuuliza kuhusu namba. Ningeuliza, mzee asingekuwa amesimama juani akitazamwa na abiria wa mabasi.

Bado kulikuwa na tumaini moja. Pikipiki hizi hutoka kiwandani na namba ya kuanzia, na watu wengi hawaibadilishi kamwe. Siiandiki hapa; mwenye pikipiki halali ataikuta kwenye kitabu chake. Nilimfahamu mzee, nilishaishika kadi ya pikipiki ile yenye jina lake, kwa hiyo nilimtajia.

Kuingiza namba hii kwa simu kuna kazi yake, na nataka msomaji aione. Kwenye pikipiki nyingi tulizozoea, indiketa ni swichi moja mkono wa kushoto, unaisukuma huku au kule. Harley ina kitufe cha kushoto kwenye mkono wa kushoto na cha kulia kwenye mkono wa kulia. Unafungua umeme, unashikilia vyote viwili kwa pamoja mpaka kitaa cha ufunguo kianze kumweka harakaharaka. Kisha kila tarakimu unaihesabu kwa kitufe cha kushoto: kama ni 4, unabonyeza mara nne. Ukimaliza unabonyeza cha kulia mara moja, maana yake "nimemaliza, pokea". Unafanya hivyo mara tano.

Mzee alianza vizuri, akafika tarakimu ya tatu, kijana mmoja akamsemesha, akapoteza hesabu. Na mashine haina huruma na aliyepoteza hesabu. Ukikosea, unasubiri dakika mbili kabla ya kujaribu tena. Hizo dakika mbili zimewekwa makusudi. Namba za tarakimu tano zisizo na sifuri ziko 59,049. Mwizi akitaka kuzijaribu zote, kwa dakika mbili kila moja, atakaa juu ya pikipiki hiyo siku 82, mchana na usiku. Nikamweleza mzee hivyo ili asione anaonewa. Akacheka kidogo, akawaomba vijana wasogee.

Mara ya pili alihesabu kwa sauti, nami namsikia: moja, mbili, tatu, kulia. Akafika mwisho bila kukosea. Kitaa kikaendelea kumweka. Mwenye pikipiki wa kwanza, huko ilikotoka, alikuwa mtu makini. Aliibadilisha namba.

Wakati huo fundi mmoja wa boda wa palepale alijitolea. Nilimsikia: "Mzee, hii tunaunga moja kwa moja, dakika tano umeondoka." Kijana alikuwa na nia njema, na kwenye boda ya kawaida yuko sahihi kabisa, maana pale ufunguo ni swichi tu na ukiiruka swichi umemaliza. Nilimwomba mzee anipe niongee naye. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hapo hakuna waya mmoja wa kuruka. Kisanduku cha ulinzi na kompyuta ya injini vinajuana kwa nywila. Hata ukiizungusha starta kwa kuunga, injini haitapewa moto, na ukichoma kisanduku kile mzee atakula Krismasi hapa Korogwe." Akaelewa. Nashukuru alielewa, kwa sababu nimeshapokea gereji pikipiki za bei ya gari zilizokatwa nyaya kumi na mbili na mtu aliyetaka kusaidia, na kuzirudisha kulichukua wiki tatu na fedha ambazo mwenyewe hakuwa nazo.

Basi namba ya kiwandani imekataa, namba iliyobadilishwa haijulikani, kuunga haiwezekani. Imebaki njia moja: kuifufua rimoti.

Ndani ya rimoti ile mna betri bapa ya volti 3, ya duara kama sarafu, iliyoandikwa CR2032. Ni ile inayokaa kwenye rimoti nyingi za magari na mizani midogo. Nikamwelekeza mzee aulizie kwa fundi saa au duka la simu. Akapanda boda, akarudi baada ya dakika ishirini amefurahi. Ameipata. Akafungua rimoti kwa ncha ya kisu, akaweka betri mpya, akaiweka rimoti kwenye kiti, akafungua ufunguo.

Kimya.

Nakiri kwamba hapo moyo ulishuka. Nilianza kufikiria labda rimoti yenyewe imekufa, na hilo lina maana ya rimoti mpya iliyooanishwa na pikipiki kwa kifaa cha wakala, yaani pikipiki ingerudi Dar es Salaam juu ya fuso. Lakini kabla ya kusema hivyo nilimwomba anisomee maandishi ya betri mpya. "Imeandikwa CR2025," akasema. "Aliniambia ni ileile."

Si ileile. Namba hizo si jina la kampuni, ni vipimo. Mbili na sifuri za mwanzo ni upana, milimita 20. Mbili za mwisho ni unene: 32 ni milimita 3.2, na 25 ni milimita 2.5. Volti ni zilezile tatu, upana uleule, ukizishika mkononi huoni tofauti mpaka uzilaze meza moja. Lakini milimita 0.7 ndani ya rimoti ni shimo. Ulimi wa chuma unaogusa betri haufiki, au unafika ukiibonyeza na kuachia ukiiweka. Muuza duka hakudanganya kwa ubaya, alilinganisha kwa macho tu.

Duka halikuwa na 2032. Ndipo nikamwomba mzee atafute pakiti ya sigara. Havuti, lakini kituo cha mafuta hakikosi wavutaji. Achane karatasi ya fedha ya ndani, abandue ile nyeupe ya nyuma kadiri inavyotoka, aikunje mara tatu nne iwe kipande bapa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kisha aiweke upande wa jumlisha tu, ule mpana wenye maandishi. Nilisisitiza hilo mara mbili. Kwenye betri bapa, ukingo wote wa pembeni nao ni jumlisha, na karatasi ikivuka kutoka upande wa chini hadi ukingoni inaunganisha jumlisha na toa, betri mpya inaisha kabla hujafika barabarani. Nikamwambia pia afute betri kwa kitambaa kikavu, maana mafuta ya vidole yanatosha kuzuia umeme mdogo kama ule.

Alichukua muda. Nilisikia basi likipita, nikasikia mtu akiuza machungwa. Kisha nikasikia kile kishindo kizito cha Sportster, na watu wakishangilia.

"Fundi, imewaka!"

"Mzee, usiondoke. Izime."

Alidhani nimerukwa na akili. Lakini hiki ndicho kiini cha kisa chote, nami naomba kila mwenye pikipiki ya aina hii akishike. Namba ya siri haikuwa imepotea. Ilikuwa ndani ya pikipiki muda wote, na pikipiki iko tayari kumwonyesha mtu yeyote mwenye rimoti inayoitika. Kuna mpangilio kwenye kitabu wa kufungua na kuzima ufunguo mara kadhaa huku rimoti ikiwa karibu, kisha kubonyeza indiketa, na namba iliyopo inajitokeza kwenye kidirisha cha kilomita, tarakimu ya kwanza ikimweka. Hapo unaweza kuisoma, au kuibadilisha bila kuulizwa ya zamani. Watengenezaji waliona kwamba mwenye rimoti na ufunguo ndiye mwenyewe. Kwa hiyo rimoti ikiwa hai namba haikusumbui, na rimoti ikifa huwezi tena kuiona namba. Mlango wa dharura unafunguliwa kwa ndani tu, siku ambayo hauna dharura. Dakika tatu za mwezi Septemba zingetosha.

Tulifanya palepale, kwa simu, karatasi ya sigara ikiwa bado imeshikilia. Mzee akasoma namba ya yule mwenyewe wa zamani, tarakimu tano ambazo hazikuwa na maana yoyote kwake, akaweka zake. Nilimkataza kuweka mwaka wa kuzaliwa, ambao hata hivyo una tarakimu nne, na nilimkataza kunitajia alichoweka. Hakuna sababu ya fundi kukaa na namba za wateja kwenye daftari. Gereji ikivunjwa, au kijana mmoja akiwa na tamaa, daftari hilo ni funguo za pikipiki zote za mji.

Hofu hiyo ina msingi. Tarehe 30 Mei 2017 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani, mjini San Diego, walitangaza mashtaka dhidi ya wanachama tisa wa klabu ya pikipiki iitwayo Hooligans, yenye makao Tijuana, Meksiko. Walishtakiwa kwa wizi wa magari ya Jeep Wrangler yapatayo 150, yenye thamani ya dola milioni 4.5 hivi. Kwa maelezo ya mashtaka, hawakuhitaji kuvunja kioo. Walinakili namba ya chesisi inayosomeka kupitia kioo cha mbele, ikapelekwa kwa mtu aliyeweza kufikia hifadhi ya namba za funguo, zikarudi namba mbili: moja ya kuchonga ufunguo, nyingine ya kuufundisha ufunguo huo ukubalike na gari. Usiku gari linaondoka kwa ufunguo wake. Ndiyo maana mtu nisiyemjua akinipigia kuniuliza namba ya kiwandani ya pikipiki fulani, namwambia aje gereji na pikipiki, kadi na kitambulisho. Wengine hukasirika. Walio wenyewe huja.

Kila mtengenezaji ana njia yake ya kutokea. Ducati za miaka ya 2000 zilikuja na kadi yenye namba ya tarakimu tano, na uliiingiza kwa kushikilia na kuachia mkono wa gesi huku ukihesabu taa inavyomweka. Ducati za rimoti za baadaye zinakubali namba kupitia dashibodi. Honda zenye rimoti zinakuja na kibati chenye namba ya utambulisho, na nimekikuta kibati hicho zaidi ya mara moja kimefungwa kwenye rimoti ileile kinayotakiwa kuiokoa, au kimetupwa chini ya kiti cha pikipiki. BMW wana mahali maalumu pa kuisogeza rimoti iliyoishiwa betri ili isomwe kwa karibu, lakini lazima ujue ni wapi, na hutapajua kwa kubahatisha usiku porini.

Kuhusu muuzaji, sina neno kali kuliko hili: kuuza pikipiki ya aina hii bila namba na bila rimoti ya pili ni kuuza nyumba na kubaki na kufuli. Mnunuzi ana haki ya kusimama pale dukani na kusema, nionyeshe namba ikifanya kazi, rimoti ikiwa mbali, ndipo nilipe. Mimi sasa pikipiki yenye rimoti ikiingia gereji, hata kwa kubadilisha taa, nasoma kwanza aina ya betri, naweka mpya ikiwa imezidi mwaka, kisha namwita mwenyewe asome namba yake mwenyewe kwenye kidirisha, mimi nikiwa nimegeuka.

Saa kumi na moja jioni mzee alinipigia akiwa Njia Panda ya Himo. Alikuwa amepata CR2032 halisi Same, akaitupa karatasi ya sigara. Usiku akanipigia tena kutoka Marangu. Alikuwa amempa mjukuu wake rimoti, akamwambia akimbie nayo hadi mgombani mwisho wa shamba na asirudi mpaka aitwe. Kisha akakaa juu ya pikipiki gizani, akashikilia indiketa zote mbili, akaanza kuhesabu. Iliwaka mara ya kwanza. Mtoto alisikia mlio, akadhani ameitwa, akaja mbio.